Mke wa Mheshimiwa Haitwi Zizini

Mpendwa Mama,

Hukunizaa, lakini aliyenizaa alitangulia nikiwa bado shuleni, kwa hiyo jina hili ni lako peke yako. Nakuandikia Jumapili alasiri, jikoni kwako, viatu nimevua na miguu imefura. Tumetoka kanisani. Mwanao yuko sebuleni na watu wa kamati yake. Nawasikia wakicheka, halafu wananong'ona, halafu wanacheka tena. Chai nimeshawapelekea. Wanachongoja sasa ni jibu langu, na nimewaambia naosha vyombo kwanza. Vyombo vyenyewe vilishaoshwa. Nimechoka, Mama, na si ule uchovu wa kulala ukaamka umeisha.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tuliyokutana nayo. Mimi nilikuja na Kigusii changu kutoka Kisii, wewe ulikuwa na Kipsigis chako hapa Boito, na Kiswahili kila mmoja wetu alikuwa amekiokota njiani. Chako kilikuwa na t mahali pa d, na changu kilikuwa na r nyingi kuliko zinazotakiwa. Mwanao Kibet alikuwa akitucheka sote wawili. Hata hivyo tulielewana kuliko watu wengi waliozaliwa nyumba moja.

Unakumbuka wiki ile niliyoletwa hapa nikiwa bibi arusi? Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na mimi nilikuwa nazo nyingi. Kwanza kabila lingine. Pili nimesoma sana, kama walivyosema. Na halafu ile kazi yenyewe, daktari wa mifugo, ambayo shangazi yake Kibet alieleza wenzake kwamba ni kushika ng'ombe matako kwa mshahara. Alidhani sisikii. Nilikuwa nyuma ya pazia nikivaa nguo mpya ya kutokea mbele ya wageni.

Asubuhi hiyo hiyo ng'ombe wako mwekundu alikuwa anazaa na ndama hatoki. Wanawake walisimama zizini wakibishana ni mwanamume gani aitwe. Nikatoka na ile nguo, nikaomba maji ya moto na sabuni. Ulinitazama kutoka kichwani hadi miguuni.

"Hiyo nguo itaharibika," ulisema.

"Itafuliwa, Mama."

Hukuniuliza lingine. Ulinifunga leso yako kiunoni, ukaenda ukashika mkia wa ng'ombe wewe mwenyewe. Ndama alikuwa amekunja mguu mmoja wa mbele. Nilihangaika mpaka nikaunyoosha, nikaufunga kamba, na wewe ukavuta nami, tukaanguka wote wawili kwenye matope ndama alipotoka. Shangazi alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Wewe uliinuka, ukajifuta, ukamwambia, "Kibet ametuletea taktari. Hata kama ugali yake ni nyepesi, tutakunywa kama uji."

Tangu siku hiyo hukuniita jina lingine. Wengine waliniita bibi ya Kibet, mwanamke wa Kisii, na baadaye wakaniita mambo makubwa zaidi. Wewe ulikuwa unakuja dirishani kwetu ukagonga kioo kwa kidole. "Taktari, amka. Ng'ombe ya watu haijui Jumapili." Nilikuwa nakasirika, sikufichi. Leo ningetoa chochote nisikie kidole hicho.

Zile zilikuwa siku zetu nzuri. Kibet alikuwa mwalimu wa hisabati. Jumamosi alinibeba kwa pikipiki kwenda kutibu ng'ombe wa watu mpaka pande za Ndanai, na mimi nikiwa ndani ya zizi yeye alikuwa anasahihisha madaftari ya wanafunzi juu ya tangi la mafuta. Wenye ng'ombe walimpa mursik, maziwa yao ya kugandishwa kibuyuni, akanywa, wakamuuliza, "Na wewe unafanya kazi gani?" Anajibu bila aibu, "Mimi ni dereva wa daktari." Tulirudi jioni tukinuka zizi, na wewe ulikuwa umetuwekea maji ya kuoga. Nilidhani maisha ndiyo hayo. Sikujua kwamba yalikuwa yanapita.

Wazee walipokuja kumwomba agombee uwakilishi wa wadi, wewe ndiye pekee ambaye hukupiga makofi. Uliwapa chai, ukawasikiliza, halafu ukasema, "Mimi nilizaa mwalimu. Hiyo ingine mnataka ni yenu." Walicheka wakidhani ni utani. Aliposhinda, ulimnywesha mursik langoni kama ilivyo desturi, ukatabasamu watu wakapiga picha. Kisha ulinivuta pembeni ukaniambia kwa sauti ya chini, "Sasa tufunge mlango ya jikoni. Watakuja."

Na kweli walikuja. Wa karo, wa hospitali, wa mazishi, wa kazi ya mtoto, wa ugomvi wa mpaka wa shamba, na wale wasio na shida yoyote ila kuonekana wameketi kwa mheshimiwa. Asubuhi nikitoka na begi langu na viatu vya mpira nilikuta benchi limejaa. Wewe ulikuwa askari wangu. Ulikuwa unasimama mlangoni na mwiko ukawaambia, "Mheshimiwa ni ule wa koti. Hii ya gambuti ni taktari, wacheni iende kazi." Na mimi napita. Nilipita hivyo muda wote uliokuwa hai, na sikujua kwamba kulikuwa na mtu anayenilindia njia mpaka nilipokosa mlinzi.

Kuhusu mazishi yako nitasema kidogo tu. Nilitaka kukulilia. Badala yake nilikuwa nakimbia kati ya mahema kuona kama wageni waheshimiwa wamepata maji ya chupa. Walizungumza wanasiasa, mmoja baada ya mwingine, mpaka mvua ikatukuta, na wewe uko pale ndani ya sanduku unangoja. Mmoja alikusifu kwa jina lisilo lako. Nilikuja kukulilia baadaye peke yangu, katikati ya mistari ya chai, wachumaji walipokuwa wameenda kupima majani. Nililia vizuri siku hiyo. Nilihitaji.

Sasa nikueleze mambo yalivyo, maana huko nyuma ungeyajua kabla yangu.

Kumeingia tabia mpya. Mtu akitaka mheshimiwa na simu ya mheshimiwa haishikwi, anapiga yangu. Anasema ng'ombe wake anakufa. Naacha kila kitu. Naendesha gari barabara ile ya matope, nafika, nakuta ng'ombe amesimama anacheua, macho maangavu, na kando yake wamepangwa watu na shida zao mkononi. Chai iko tayari. "Daktari, kwanza keti kidogo." Mwezi uliopita mmoja alinitoa hapa mpaka Soin. Nilipomuuliza ng'ombe anaumwa wapi, alimtazama ng'ombe, akanitazama, akasema, "Alikuwa anakohoa, lakini amesikia unakuja akapona." Ningekuwa na nguvu ningecheka. Nilimpima ng'ombe joto hivyo hivyo, maana mkono ukishazoea kazi hauulizi, nikanywa chai yake, nikabeba ujumbe wake kwa mume wangu kama tarishi.

Hao nimewazoea. Walionivunja ni wale wasionipigia.

Unamkumbuka Bot Chelangat, yule mama jirani yako wa ng'ambo ya mto, mliyekuwa mkienda naye kupeleka majani kituoni. Ng'ombe wake alikuwa mmoja tu, yule mweupe mwenye doa usoni. Wiki mbili zilizopita nilipita pale nikitoka kliniki yangu, nikaona wanaume wanachimba shimo kubwa kando ya chai. Nilisimamisha gari. Bot Chelangat alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, ameshika shavu. Ng'ombe mweupe alikuwa amelala na ndama wake mchanga amefungwa mbali kidogo, analia.

Nikauliza ilikuwaje. Alisema ng'ombe alizaa vizuri, maziwa yakajaa kiwele, kesho yake akalala chini, akageuza shingo ubavuni, masikio yakawa baridi. Kabla hajamaliza kusema nilikuwa nimejua. Ni homa ya maziwa, Mama. Ni ule ugonjwa ambao wewe uliwahi kuniona nikiutibu hapa hapa, ukashangaa ng'ombe aliyekuwa kama maiti anacheua, anatetemeka, anasimama, anatafuta majani. Chupa ya dawa na mpira wake, mshipa wa shingoni, na subira. Chupa hizo zilikuwa ndani ya gari langu. Zimekuwa ndani ya gari langu muda huu wote, ng'ambo ya mto tu.

"Kwa nini hamkunipigia?"

Mwanawe alitazama jembe. Bot Chelangat ndiye alinijibu, taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto jambo la adabu. "Tuliona haifai. Wewe ni mama mheshimiwa sasa. Mtu mkubwa kama wewe, tukuite uingie kwa mavi ya ng'ombe? Watu watasema hatuna heshima. Tulipigia ule mtu wa duka ya dawa, akasema anakuja, na hakukuja."

Yeye akainuka, akaniomba radhi kwa kuwa viatu vyangu vimeingia matope, akaniingiza ndani, akafuta kiti kwa kitambaa. Alitoa kikombe chake kizuri, kile cha wageni, akanimiminia chai ya turungi. Kisha akaomba radhi tena. Alisema, "Utasamehe, hakuna maziwa."

Niliinywa yote. Sijawahi kunywa chai chungu hivyo, na sukari alikuwa ameweka.

Heshima si utumwa, tunasema. Sikatai. Lakini heshima ile iliua ng'ombe nikiwa karibu kiasi cha kusikia ndama wake. Nimekaa darasani miaka, nimechomwa na pembe, nimevunjwa kidole na teke, nimejifunza lugha ya watu ili nielewe wanaposema ng'ombe anaumwa wapi, na mwisho wa yote nimekuwa mtu mkubwa asiyeitwa zizini. Nilifika nyumbani nikakaa ndani ya gari, mikono kwenye usukani, mpaka mlinzi wa lango akaja kuuliza kama gari limezima.

Nilimwambia Kibet. Usiniulize kama alisikitika, alisikitika sana. Si mtu mbaya. Bado ni yule yule uliyemlea, anayeinuka kumpisha mtu mzima kiti. Ila siku hizi akisikia kilio chochote anatafuta kitu cha kutoa. "Pole sana," alisema. "Nitampelekea mtamba." Msaidizi wake, aliyekuwa pale kama anavyokuwa pale daima, akasema basi apelekwe Jumamosi, watu wawepo, na mpiga picha. Kibet akafikiri kidogo, akasema sawa. Nikangoja aone mwenyewe kwamba shida haikuwa ng'ombe. Nilingoja kama mtu anayengoja mgonjwa afumbue macho. Akauliza kama kuna chakula.

Mtamba alipelekwa, picha zikapigwa. Niko ndani ya picha hizo. Nimeshika kamba.

Sasa Kibet anataka kiti cha ubunge, na kamati imeona tatizo liko wapi. Walikuja wiki iliyopita, mwenyekiti wao na kofia yake, wakaniita niketi nao. Walianza kwa kunisifu, na mimi nimeishi huku vya kutosha kujua kinachofuata sifa.

"Mama, sisi tunakupenda," alisema mwenyekiti. "Lakini wapinzani wanatumaliza na wewe. Wanasema mheshimiwa ameshindwa kulisha bibi, ndiyo sababu bado anahangaika na ng'ombe ya watu. Na akina mama wanataka kukuona kwa mikutano, umevaa vizuri. Funga hiyo kliniki mpaka kura ipite. Ni kidogo tu."

Niliuliza, "Ng'ombe akilala chini, nimwambie angoje kura zihesabiwe?"

Hakuna aliyecheka. Kibet alikuwa anatazama ndani ya kikombe chake. Nilimtazama yeye, maana wale wengine hawakunioa. Alisema bila kuinua macho, "Mama watoto, fikiria tu. Si lazima ujibu leo." Na mwenyekiti akamalizia, "Tuombee hiyo maneno. Jumapili baada ya kanisa utatuambia."

Nimefikiria, Mama. Nimefikiria nikiendesha gari, nikipika, nikisimama kwenye mazishi ya watu nisiowajua nikipewa kipaza sauti nisalimie umati. Nimejiuliza kama ni kiburi. Labda mke mwema angefunga mlango wa kliniki akatundika koti. Wengi wamefanya hivyo na hawajafa. Nimejiuliza pia nitakuwa nani nikiamka asubuhi bila begi lile. Kwa mwanao nitakuwa mke, lakini yeye nyumbani anakuja kubadilisha shati. Kwa watu nitakuwa mama mheshimiwa, na hicho kiti nacho ni cha kura, kikiondoka kinaondoka na jina. Nilipotafuta kitakachobaki, niliona zizi la mtu, na ng'ombe amelala, na mimi napiga magoti. Hapo tu ndipo ninapojiona.

Kwa hiyo nikimaliza kukuandikia nitavaa viatu, niingie sebuleni, niwaambie sifungi. Nitaenda mikutano ya Jumamosi nikipata nafasi, na siku nyingine mwenye ng'ombe mgonjwa anipigie. Watakasirika. Mwenyekiti atasema mtu akishindwa na nyumba yake hawezi eneo bunge. Kibet hatanigombeza mbele yao. Atanyamaza, na tutalala kwa kunyamaza hivyo siku nyingi. Hilo naliweza. Nimeshazoea kulala na mtu aliye mbali.

Lakini si hilo lililonifanya nichukue kalamu. Jibu lile ningelitoa bila kukusumbua.

Leo kanisani mchungaji alituita mbele. Alimsimamisha Kibet katikati, akaniambia nimshike mkono, wazee wakatuwekea mikono mabegani. Kanisa zima likasimama. Mchungaji akasema kila mtu amwombee mheshimiwa kwa maneno yake mwenyewe, na sauti zikainuka kama mvua ya huku inavyoanza juu ya mabati, huyu anasema mpe ushindi, yule anasema uwafunge adui zake. Kibet alikuwa amefumba macho. Mkono wake ulikuwa na jasho. Aliubana mkono wangu, sana, kama alivyokuwa akinishika tulipokuwa tunateremka mlima kwa pikipiki na breki si nzuri. Alidhani tunaomba pamoja.

Mimi nilikuwa naomba ashindwe.

Nilisema kwa sauti, Mama, maana katika kelele ile nani angesikia. Nilisema, Mungu, mnyime. Wape wengine hicho kiti, wako wengi wanaokitaka. Nirudishie mwalimu. Niliomba kwa moyo wote, machozi yakanitoka, na tulipofumbua macho akina mama waliniona wakaguswa. Mmoja alinikumbatia akaniambia, "Mungu amesikia." Kibet naye alinifuta shavu kwa kitambaa chake mbele ya watu wote. Muda mrefu hakuwa amenigusa uso.

Sijamwambia mtu, na sijui nitamtazamaje usiku wa leo. Nakwambia wewe kwa kuwa hujawahi kunificha ulichofikiri, na kwa kuwa huyu ninayemwombea kuanguka ni mtoto wako. Najua hakuna mama anayependa hivyo. Wewe ulimbeba mgongoni ukichuma chai, ukamsomesha kwa majani hayo hayo, ukamfikisha alikofika. Sikuombi uniunge mkono. Ila kama huko uliko mnasikilizwa, na kama na wewe umesimama mahali unamwombea mwanao, nakuomba jambo moja. Leo nyamaza. Acha ombi langu lipite.

Wameanza kuita. Naenda.

Mke wa mwanao,
Moraa